Maswali ya Wasomaji: Kusoma Leipzig Ukitokea Mtwara na Lindi

Miezi ya karibuni tumepokea barua kadhaa kutoka mikoa ya kusini zinazouliza habari za maisha ya mwanafunzi Ulaya. Tumechagua nne zinazohusu mji mmoja, Leipzig, ulioko mashariki ya Ujerumani, wenye wakazi zaidi kidogo ya 600,000 na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1409, ambacho hadi leo kinafundisha Kiswahili. Anayejibu safu hii alisoma katika mji huo. Namna ya kuomba nafasi ya masomo hatutaigusa sana, tunazungumzia kuishi.

SWALI: Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza, naishi Newala, na nataraji kuomba shahada ya uzamili Leipzig kwa muhula wa Oktoba mwakani. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha tangu sekondari, amesema mikorosho yake ndiyo itakayonipeleka. Ananiuliza jambo moja ambalo nashindwa kumjibu: zinahitajika shilingi ngapi, na zinahitajika lini? Wapo wanaotuambia kwamba chuo kule ni bure. — *Mpwa wa mkulima, Newala*

JIBU: Ndugu yetu, tufikishie salamu kwa mjomba, kwa sababu sehemu ya pili ya swali lake, hiyo ya "lini", ndiyo ambayo waombaji wengi huikumbuka wakiwa wameshafika mlangoni pa ubalozi.

Tuanze na hiyo habari ya bure. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, kwa sehemu kubwa, havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni, ingawa si kila mahali: jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Leipzig iko katika jimbo la Sachsen, na programu zake nyingi za kawaida za uzamili hazina ada hiyo. Utalipa mchango wa muhula, ambao katika vyuo vingi vya nchi hiyo ni kati ya euro 200 na 350 na ambao mara nyingi unajumuisha tiketi ya usafiri wa umma. Mjomba akisikia mpaka hapo atafurahi, lakini mwambie asubiri kidogo.

Serikali ya Ujerumani, kabla ya kutoa viza ya masomo, inataka ithibitishiwe kwamba mwanafunzi ana fedha za kula na kulala kwa mwaka mzima. Njia ya kawaida ya kuthibitisha ni akaunti maalumu iliyofungwa, inayoitwa Sperrkonto, ambayo tangu Septemba 2024 inatakiwa kuwa na euro 11,904, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya siku hizi kiasi hicho ni zaidi ya shilingi milioni 30. Fedha hizo si ada wala si malipo kwa ubalozi. Ni zako mwenyewe, na ukishafika unarudishiwa kidogo kidogo, fungu moja kila mwezi, kwa matumizi yako. Zinatakiwa zifike zote kwa hesabu ya euro, kwa hiyo unapotuma kupitia benki ya hapa omba makato yote yabebwe na mtumaji, la sivyo akaunti itapungukiwa euro chache na faili lako litasimama kwa ajili ya hizo hizo.

Sasa "lini". Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo ya stakabadhi ghalani huingia kwenye akaunti za wakulima kuanzia hapo hadi mwishoni mwa mwaka au zaidi kidogo. Chuo nacho kinaanza Oktoba. Mtu akitazama harakaharaka ataona kwamba mambo yameafikiana, kumbe yamepishana karibu mwaka mzima, kwa sababu akaunti hiyo inatakiwa iwe imejaa wakati wa kuomba viza, na viza huombwa mara tu barua ya chuo inapotoka, ambayo kwa muhula wa Oktoba huwa katikati ya mwaka. Mavuno yatakayokupeleka, basi, ni ya msimu huu uliopo mbele yetu. Yale ya Oktoba utakayosafiri yatakuwa yamechelewa. Maana yake ni kwamba mjomba atatakiwa azitunze fedha hizo miezi sita au saba bila kuzigusa: Januari ada za wadogo zako zitazitazama, na ikifika mwezi wa tano na wa sita, mikorosho inapotaka kupuliziwa salfa, zitatamaniwa zaidi. Kwa maoni yangu ni afadhali zifunguliwe akaunti ya peke yake mara tu malipo ya mnada wa kwanza yanapoingia, na wazee wa ukoo wajulishwe kwamba zina kazi, kuliko kutegemea kwamba zitabaki kwenye akaunti ile ile inayohudumia misiba na harusi.

Jambo la tatu ambalo mjomba hakuliuliza ni fedha za mkononi. Akaunti iliyofungwa hutoa euro 992 kwa mwezi na si senti zaidi, na mara nyingi haifunguki mpaka uwe umefika na umekamilisha taratibu za benki. Wakati huo huo mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, ambayo sheria ya Ujerumani inaruhusu ifike hadi kodi ya miezi mitatu, pasipo kuhesabu gharama za maji na joto. Bima ya afya nayo inataka lake, na utahitaji godoro, shuka nzito na sufuria. Mimi ningemshauri mtu asiondoke na chini ya euro 1,500 nje ya zile za akaunti, na kama amana ya chumba iko juu, aongeze.

Ukishatulia, hesabu ya mwezi inavumilika. Chumba katika hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, au chumba katika nyumba mnayochangia watu watatu au wanne, kitakuchukua euro 250 hadi 400. Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 iko karibu euro 150. Chakula, ukipika mwenyewe, euro 200 zinatosha kwa mtu asiyependa makuu, na bwalo la chuo linauza sahani ya mchana kwa euro tatu hadi tano. Nafasi ya hosteli iombe siku ile ile unayopata barua ya chuo, kwa sababu foleni yake ni ndefu. Na mtu yeyote atakayekuonyesha picha za chumba kizuri karibu na chuo kwa bei ya chini, kisha akakwambia yuko nje ya nchi na ufunguo utatumwa kwa posta ukishalipa amana, huyo ni tapeli. Usijadiliane naye hata kidogo.

Kama una uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, soma pia masharti ya ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni, hasa programu yake inayoitwa EPOS, inayolenga wataalamu kutoka nchi zinazoendelea. Ukiupata, akaunti iliyofungwa haihitajiki, na mjomba atazitumia milioni zake kwa shughuli nyingine.

SWALI: Rafiki yangu aliyeko Ulaya anasema kazi ya kuosha vyombo inalipa kuliko mshahara wa mwalimu huku kwetu. Je, naweza kwenda na fedha za miezi michache tu, kisha nikajilipia mwenyewe na kutuma nyumbani? — *Kijana wa Masasi*

JIBU: Rafiki yako hakudanganya kuhusu malipo, ila amekuficha matumizi. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa, na mtu yeyote, awe anaosha vyombo au anapanga mizigo ghalani, hawezi kulipwa chini ya hapo kihalali. Lakini mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku kamili 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, kiwango kilichoongezwa Machi 2024 kutoka 120 na 240. Kwa hesabu hiyo unaweza kujilipia chumba na chakula ukipata kazi mapema, na kupata kazi mapema Leipzig bila Kijerumani cha kuombea maji si jambo la kutegemea. Wengi wa niliowaona walipata kazi ya maana katika muhula wa pili au wa tatu, lugha ilipoanza kuwakalia vizuri.

Mpango wa fedha za miezi michache, kwa vyovyote vile, utaishia Dar es Salaam, kwa sababu ubalozi hautatoa viza. Wapo wanaokopa fedha za akaunti kwa mtu, wakaonyesha, kisha wakazirejesha mwezi baada ya mwezi baada ya kufika. Hao huanza maisha wakiwa na deni linalokula yale yale ya kulia chakula, wakazidisha saa za kazi kinyume cha kibali, wakashindwa mitihani. Kibali cha ukaazi huhuishwa kwa kuangalia pia maendeleo ya masomo. Kutuma nyumbani kidogo wakati wa sikukuu inawezekana. Kuihudumia familia kila mwezi ukiwa mwanafunzi, mimi sijaona aliyeweza na bado akamaliza kwa wakati.

SWALI: Binti yangu wa miaka ishirini na mitatu amepata nafasi ya kusoma Leipzig. Sisi ni Waislamu, na hajawahi kulala mbali na nyumbani isipokuwa bweni la shule. Nahofia chakula, ibada, baridi, na zaidi ya yote nahofia watu watakavyomtendea. Naomba unijibu bila kunipamba. — *Mama, Lindi*

JIBU: Shikamoo, mama. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa umelitaja kuwa ndilo zito.

Leipzig yenyewe ni mji wa wanafunzi na wageni, na tangu mwaka 1956 kumekuwa na taasisi iliyokuwa ikiwafundisha Kijerumani vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakati huo nchi ikiwa bado imegawanyika, hata uso mweusi si kitu kipya pale. Hata hivyo jimbo la Sachsen lina siasa kali: katika uchaguzi wa jimbo wa Septemba 2024, chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji waziwazi, kilishika nafasi ya pili kwa zaidi ya asilimia 30 ya kura. Binti yako huenda akakaliwa mbali kwenye tramu, huenda akatupiwa neno na mlevi usiku, na anaweza kunyimwa chumba kwa sababu ambayo hataambiwa. Kupigwa ni jambo la nadra mjini, lakini halijakosekana, na katika vijiji na miji midogo ya jirani anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, hasa nyakati za maandamano na mechi za mpira. Mwambie azihifadhi namba mbili, 110 ya polisi na 112 ya gari la wagonjwa na zimamoto, na asiyanyamazie mambo akidhani ndivyo mgeni anavyopaswa kuvumilia. Chuo kina ofisi ya kupokea malalamiko ya ubaguzi.

Ibada ni nyepesi kuliko unavyodhani. Misikiti ipo mjini, na Ramadhani ya miaka hii inayokuja inaangukia majira ya baridi, ambapo siku za Leipzig ni fupi mno: mwezi wa Januari alfajiri huingia karibu saa kumi na mbili asubuhi na jua huzama saa kumi na robo hivi alasiri. Saumu yake itakuwa ya saa kumi, wakati wewe Lindi utakuwa unafunga saa kumi na tatu na ushee. Ugumu utamjia kwenye sala, kwa sababu katika siku fupi kama hizo adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya saa nne, na zote zinamkuta darasani.

Chakula cha halali atakipata barabara ya Eisenbahnstraße, upande wa mashariki wa mji, ambako maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika yamepangana: nyama, mchele, viungo, mihogo iliyogandishwa, hata ndizi za kupika. Sembe ya kwetu haipatikani kila duka, lakini unga wa mahindi wa chengachenga, wanaoupikia uji mzito wa Kiitaliano, unasongeka ukautwanga kidogo, na wengine husonga semolina ya ngano. Mizigoni mfungie samaki wakavu, kwa kuwa forodha ya Ulaya inaruhusu samaki wa matumizi binafsi hadi kilo 20, na korosho zilizokaangwa kwa ajili ya kuwazawadia majirani. Nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa ni marufuku kabisa, na ming'oko mibichi usimpe hata akililia, kwa sababu mizizi na viazi vibichi haviingii bila cheti cha afya ya mimea. Koti zito asinunue huku. Atafute mtu wa kumwelekeza kwenye maduka ya mitumba ya kule kule, ambako makoti yametengenezwa kwa baridi yao. Kwa safari vinamtosha sweta nene na viatu visivyopitisha maji.

Ningependa pia ajue kabla ya kufika kwamba Jumapili maduka hufungwa, isipokuwa baadhi ya yale yaliyo ndani ya stesheni kuu, na kwamba baada ya saa nne usiku kelele za muziki au kutwanga kitu sakafuni zinaweza kumletea jirani mlangoni. Madirisha ayafungue wazi dakika chache asubuhi na jioni hata kukiwa na theluji. Sisi tuliozoea nyumba zenye upepo wa bahari hatuoni sababu, lakini chumba kilichofungwa siku nzima, chenye nguo zinazokauka ndani, huota ukungu ukutani, na gharama ya kupaka rangi hutolewa kwenye amana yake.

Akiwa na nafasi mwishoni mwa wiki, treni ya kwenda Berlin ni ya saa moja na dakika kadhaa. Katika jumba la makumbusho ya viumbe pale amesimama mnyama wa kale mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyeundwa kwa mifupa iliyochimbwa Tendaguru, hapo hapo Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kubebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu hadi bandarini. Akiulizwa darasani anatoka wapi, na ataulizwa kila wiki, ana pa kuanzia.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Shangani, Mtwara, na nimefika Leipzig tangu Oktoba. Barua za Kijerumani zimejaa mezani na sizielewi. Moja inanidai ada ya redio na televisheni wakati sina televisheni. Wenzangu darasani hawanisalimu. Ikifika saa kumi jioni giza limeingia, nami hulala. Naanza kufikiri kurudi nyumbani. — *Mwanafunzi, Leipzig*

JIBU: Pole sana, ndugu. Leo hii, kabla hujafikiri kurudi, zifungue hizo barua zote, uzipange kwa tarehe, uzipeleke ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo au kwa mwenzako anayejua lugha. Sisi tuliokulia kwenye barua za sanduku la posta, zinazoweza kulala ofisini mwezi mzima bila mtu kudhurika, hatukuzoea nchi ambayo karatasi iliyotumbukizwa kwenye kisanduku chako huhesabiwa kuwa umeisoma. Ukikaa kimya, deni linapandishwa. Hakikisha pia jina lako limebandikwa kwenye kisanduku na kwenye kengele ya mlango kama lilivyo kwenye pasipoti. Tarishi asipoliona, barua hurudishwa ilikotoka, na barua hiyo inaweza kuwa ya kadi yako ya benki au ya miadi ya kibali cha ukaazi.

Ile ada ya redio ni halali. Hutozwa kila makazi, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Kama mnaishi nyumba moja mnayochangia, anayelipa ni mmoja na nyinyi wengine mnamchangia, basi waulize wenzako nani analipa, kisha ujibu barua kwa kutaja namba anayolipia ada hiyo. Kama uko hosteli yenye vyumba vinavyofunguka kwenye ujia wa wote, chumba chako kinahesabiwa kuwa makazi kamili.

Barua ninayoiogopa zaidi ni ambayo hukuitaja. Katika vyuo vya kule, kuhudhuria somo hakukupi haki ya kufanya mtihani. Unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa chuo ndani ya muda uliowekwa, na muda ukipita, mhadhiri hana uwezo wa kukuingiza hata akikupenda. Kwa kawaida mtihani mmoja una nafasi tatu, na aliyeshindwa ya tatu huondolewa kwenye programu. Alama zao husomwa kwa mpangilio tuliouzoea kwenye madaraja ya NECTA, moja ikiwa ndiyo ya juu, 4.0 ni kufaulu kwa shida na 5.0 ni kushindwa. Ingia kwenye mfumo usiku huu uangalie tarehe.

Kuhusu salamu, usilipime darasa la kule kwa kipimo cha Shangani, ambako mtu akikupita bila kukujulia hali ya nyumbani unajua kuna ugomvi. Kule wenzako hawakuchukii. Wanasubiri kuwe na shughuli inayowakutanisha. Wewe una jambo ambalo wanafunzi wengine wa kigeni hawana. Chuo chako kina wanafunzi Wajerumani wanaojifunza Kiswahili katika idara ya masomo ya Afrika, wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye, nao watakufundisha Kijerumani kwa kubadilishana, saa moja kwa saa moja. Bandika tangazo katika idara hiyo, au mwombe mwalimu wao alitangaze. Watu kama wewe hupokewa kwa mikono miwili. Michezo ya chuo nayo ni ya bei ndogo sana.

Giza la Desemba na Januari huwasumbua hata wenyeji. Toka nje mchana, hata kwa nusu saa, kabla jua halijashuka, na usilale alasiri. Ukiona wiki zinapita na bado huli wala huamki, Studentenwerk ina washauri wa kisaikolojia wasiotoza fedha, na baadhi yao hufanya kazi hiyo kwa Kiingereza. Nyumbani uwapigie mapema: katika majira ya baridi Mtwara imetangulia kwa saa mbili, hivyo ukisubiri saa tatu za usiku wako, mama yako yuko saa tano na ameshalala.

Uamuzi wa kurudi uuache mpaka mitihani ya Februari ipite. Kama baada ya hapo bado unaona ni afadhali urudi, usiondoke kimyakimya: jiondoe chuoni kwa barua, futa anwani yako ofisi ya mji, sitisha bima ya afya na ada ya redio, na mpe mwenye nyumba taarifa ya maandishi yenye saini mapema, kwa sababu mikataba mingi ya vyumba inataka notisi ya miezi mitatu, na usipoitoa, kodi inaendelea kuhesabiwa hata ukiwa umeshatua uwanja wa ndege wa Mtwara.